Watoto Wanataka Kwenda Nairobi

"Mama, Nairobi ni nje ya nchi au ni kama Mwanza tu?"

Aliyeuliza ni mwanangu wa kwanza, ana miaka 10. Alikuwa amekaa mkekani na daftari langu la hesabu za safari, anajumlisha nauli kwa penseli. Nilimjibu haraka, kama tunavyowajibu watoto tukiwa na kazi mkononi: ni nje ya nchi, kuna mpaka, kuna kugongewa mhuri. Akafikiri kidogo, akauliza tena: "Sasa mbona bibi yetu anakaa huko?"

Hapo jibu la haraka sikuwa nalo.

Tunaishi Musoma. Desemba hii, shule zikifungwa, nimepanga kuwapeleka watoto wangu wawili Nairobi kwa siku saba. Mdogo ana miaka 6 na anachotaka ni twiga tu, wale wa Lang'ata wanaokula kwenye kiganja cha mtu. Mkubwa anataka kupanda juu ya jengo la KICC lenye ghorofa 28, halafu aone injini za zamani katika Makumbusho ya Reli. Mimi nataka wamwone shangazi yangu, dada yake baba, ambaye wanamjua kwa sauti na kwa kioo cha simu tu. Shangazi ana miaka 71. Magoti yamemchosha, na safari ya basi ya kuja huku haiwezi tena.

Nilidhani kupanga safari ni mambo matatu: nauli, pa kulala na karatasi. Kazi yangu ni uandishi wa habari, nimezoea kufunga begi usiku na kuondoka alfajiri. Lakini safari hii kila nikiandika mstari mmoja kwenye daftari, nakuta chini yake kuna habari ya zamani inanisubiri. Nikaona niiandike yote, kwa sababu najua siko peke yangu. Nyumba nyingi za Mara zina mtu wao upande wa pili.

Nianze na nauli. Nilienda Butiama kumuuliza baba ilikuwaje zamani, maana niliwahi kusikia juujuu kwamba yeye alifika Nairobi akiwa mtoto. Baba si mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisimulia mpaka chai ikapoa.

Ilikuwa mwaka 1969. Babu yangu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha pamba, na alikuwa na rafiki yake Mluo aliyefanya kazi katika Reli ya Afrika Mashariki, anakaa nyumba za reli kule Nairobi. Msimu wa pamba ulipoisha vizuri, babu akaamua kuwapeleka wanawe wawili wakaone mji: shangazi akiwa na miaka 15, baba akiwa na 12. Walipanda lori la pamba mpaka Musoma. Pale bandarini wakapanda MV Victoria, meli iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961 na kuzunguka bandari za nchi zote tatu. Walilala melini, wakaamkia Kisumu. Jioni yake wakaingia treni, wakalala tena, wakaamkia Nairobi.

"Mlibeba karatasi gani?" nikamuuliza.

"Tiketi," akasema. "Na barua ya babu yako ya kumwambia mwenyeji tunakuja. Na kuku wawili."

Hiyo ndiyo orodha yote ya baba. Nimeitazama orodha yangu ya kurasa mbili nikacheka.

Kwa mtu wa kwetu wakati ule, njia ya Kisumu haikuwa ya ajabu. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingo wa ziwa pale Kisumu mwaka 1901, na Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli hiyohiyo. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 tu. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 25 mzigo wa kanda hii, pamba ikiwemo, mlango wake wa kwenda baharini ulikuwa Kisumu na Mombasa. Mtu wa Musoma aliyeota mji mkubwa hakuwa na sababu ya kuota Dar es Salaam. Dar ilikuwa mbali kama Ulaya. Nairobi ilikuwa usiku mmoja wa meli na usiku mmoja wa treni.

Mpaka ulikuwepo, ndiyo. Waingereza na Wajerumani waliukubaliana mwaka 1886: mstari unaotoka Bahari ya Hindi, unaizunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, halafu unanyooka mpaka ziwani kwetu. Uliwakata Wakurya katikati, ukawakata na Waluo. Lakini mstari wa kwenye ramani ni kitu kimoja na geti la barabarani ni kitu kingine. Baba anasema mwaka 1969 alijua ameingia Kenya kwa sababu mkate wake ulikuwa mtamu zaidi. Hata hela hazikupigana chenga. Kila nchi ilianza kutoa shilingi yake mwaka 1966, na zote zilianza sawa kwa sawa. Leo shilingi moja ya Kenya ni kama 20 za kwetu. Hesabu hiyo mwanangu ameifanya mara tatu kwenye daftari, akidhani amekosea.

Safari ile ilizaa ndoa. Mwaka 1975 shangazi aliolewa na mtoto wa yule rafiki wa babu, kijana ambaye naye alikuwa ameajiriwa reli. Harusi ilifanyika Butiama, bibi harusi akapakiwa melini Musoma, akaenda kukaa Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Hakuna aliyelia sana. Mama yake, yaani bibi yangu, alisema ni afadhali kuliko angeolewa Singida, maana huko meli haifiki.

Hapo ndipo daftari langu linapofika kwenye mstari wa karatasi, na ndipo habari inapokuwa ngumu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza, iliundwa kwa mkataba wa mwaka 1967. Ilikuwa na reli moja, bandari, posta, shirika moja la ndege. Kufikia katikati ya miaka ya sabini ilikuwa inakohoa. Kenya iliona inabeba mzigo wa wenzake, Tanzania iliona faida yote inatua Nairobi, na Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, ambaye Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Huku tukasema kwa Wakenya ni mtu kula mtu. Wao wakajibu kwamba kwetu hakuna hata cha kula. Mwanzoni mwa 1977 shirika la pamoja la ndege likasimama, Kenya ikaanzisha lake, na Februari ya mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka.

Mabasi yakasimama. Meli za nchi hizi mbili zikaacha kutembeleana. Mali za Jumuiya kila mtu akashika zilizokuwa kwake, na ugomvi wa kuzigawana haukuisha mpaka mkataba wa mwaka 1984, baada ya usuluhishi wa Victor Umbricht, Mswisi. MV Victoria ilibaki Tanzania. Kulikuwa pia na meli mbili za kubeba mabehewa, pacha, zilizojengwa miaka ya sitini kwa ajili ya wote: moja iliitwa Uhuru na nyingine Umoja. Kenya ikabaki na Uhuru. Tanzania ikabaki na Umoja. Mzee mmoja pale Mwigobero, ambaye ujana wake wote ulipitia bandarini, alinisimulia hilo huku akitikisa kichwa. "Tuligawana mpaka majina," alisema.

Mpaka ulifungwa karibu miaka saba, ukafunguliwa Novemba 1983. Lakini kufungwa kwenyewe kulikuwa na matundu. Mama yangu kwao ni Bunda, na baba yake alikuwa na kiduka cha kuuza chumvi, kiberiti na mafuta ya taa. Anakumbuka mwanzoni mwa miaka ya themanini sabuni ilivyokuwa adimu, na jinsi vipande vya sabuni na makopo ya mafuta ya kupikia kutoka Kenya yalivyofika Bunda usiku, yamepita njia za panya za Sirari na Tarime, mkono kwa mkono. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, babu huyo wa Bunda alichimba shimo nyuma ya nyumba akafukia katoni mbili za sabuni. Mvua iliponyesha, mama anasema, uani palitoka povu.

Sabuni ilivuka. Shangazi hakuvuka.

Bibi yangu alifariki mwaka 1980. Habari ilipelekwa kwa mdomo, na mfanyabiashara wa Tarime aliyejua njia. Kaburi lilichimbwa, matanga yakaanuliwa, binti hakutokea. Alikuja mwaka 1984, mpaka ulipofunguliwa, akakuta nyasi juu ya kaburi la mama yake. Baba, aliyekuwa na miaka 27, alimpokea kwa swali moja: "Hata watu wa sabuni wanapita. Wewe ulishindwa nini?" Shangazi hakujibu. Alikaa siku nne, akaondoka. Tangu siku hiyo hajakanyaga Butiama, na baba hajakanyaga Nairobi. Salamu zao zimepita kwangu kwa miaka mingi, na kabla yangu zilipita kwa mama.

Kwa mtu wa Butiama habari hii ina ugumu wake, maana aliyefunga mpaka hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa mtoto wa kijiji. Alikuwa akija likizo anacheza bao na wazee waliomzika bibi yangu.

Mwezi uliopita niliwapeleka watoto Butiama kumsalimia babu yao, na yeye akatutembeza Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa Julai 1999, miezi michache kabla Mwalimu hajafariki. Mkubwa wangu alisimama mbele ya picha, akamuuliza babu yake bila kuzunguka: "Babu, ni huyu ndiye alifunga mpaka?"

Nilitaka kumkatisha. Baba akaninyooshea kiganja, nimwache.

"Ni yeye," akasema. "Na alikuwa na sababu zake. Nilimsikia redioni, nikapiga makofi. Nilikuwa na miaka 20. Sikukumbuka kwamba dada yangu yuko upande wa pili wa hayo makofi."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Mwalimu huyuhuyu mwaka 1960 alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi ziungane kwanza, ziingie pamoja. Mwaka 1963 alikuwa Nairobi pamoja na Kenyatta na Obote, wakitangaza kwamba shirikisho linakuja. Sidhani alifunga mpaka kwa kuchukia Wakenya. Nadhani alifunga kama mtu anayefunga mlango kwa hasira ya ndugu, akitarajia mwenzake agonge. Mwenzake hakugonga. Sisi tunaojadili historia huishia hapo: nani alikosea, nani alidai nini, ndege zilikuwa ngapi. Kwenye vitabu nilivyosoma chuoni, miaka ile saba ni aya mbili. Hakuna mahali panaposema kwamba aya mbili hizo zilimkuta mwanamke wa miaka 26 ana msiba upande wa pili.

Nikarudi kwenye mipango. Nilimtumia shangazi ujumbe wa kumuuliza mambo ya kawaida: kitanda kipo, baridi ya Desemba ikoje, watoto wabebe masweta? Akanijibu kwa sauti, ujumbe wa dakika sita. Dakika mbili za kwanza zilikuwa za masweta. Halafu akanyamaza kidogo, nikasikia kikombe kinawekwa mezani.

Akasema mwaka 1980 alikuja. Habari ya msiba ilimfikia baada ya wiki, akabeba mtoto wake wa miezi mitatu, akapanda basi mpaka Migori kwa wakwe zake, kesho yake akafika Isebania. Akasimama pale akiiona Tanzania kwa macho, na vilima vyake. Askari akamwambia arudi. Akaelekezwa kwa kijana wa kumvusha usiku kwa njia ya panya, wakapatana hela. Jioni mtoto akaanza kuchemka homa. Shangazi akakaa Migori usiku wa pili, akimsikiliza mtoto anavyohema, akaona akimpeleka porini usiku ule atazika wawili. Akarudi Nairobi.

"Ningemwambiaje baba yako?" akasema kwenye simu. "Alinipokea kwa kunihesabia. Mtu akishakuhesabia, ukimweleza anaona unajitetea."

Huyo mtoto wa homa ni binamu yangu, sasa ana watoto watatu, na ndiye atakayetupokea stendi.

Sikujua nifanye nini na ujumbe ule. Nilikaa nao siku mbili. Mwandishi ndani yangu alishaona habari. Mtoto wa baba yangu ndani yangu aliona aibu. Mwishowe nilienda Butiama Jumamosi, nikamkuta baba anachambua maharage, nikaweka simu juu ya ungo nikabonyeza. Alisikiliza dakika zote sita, hata zile za masweta. Ilipoisha akasema, "Rudisha nyuma pale pa Isebania." Nikarudisha. Akasikiliza tena. Halafu akaendelea kuchambua maharage, nami nikaaga.

Sasa karatasi. Nawaandikia wazazi wenzangu mnaofikiria safari kama hii. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda ziliruhusu raia wao kuvukiana kwa kitambulisho cha taifa tu. Tanzania haikuwamo, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA peke yake hakitutoshi. Unahitaji pasipoti, au Hati ya Dharura ya Safari kutoka Uhamiaji. Mtoto naye awe na yake, na ili aipate anahitaji cheti cha kuzaliwa. Usingoje Desemba kuanza kukitafuta. Mzazi mmoja akisafiri na watoto peke yake, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake. Mume wangu yuko kazini Geita, ameshaniandikia. Kadi za chanjo ya homa ya manjano nazo tayari, maana mkirudi kutoka Kenya mnaweza kuulizwa.

Njia nimeigawa mara mbili kwa ajili ya huyu wa miaka 6. Siku ya kwanza tunatoka Musoma, tunapita Makutano, tunavuka Mto Mara pale Kirumi, Tarime, Sirari. Siku hizi mpakani kuna kituo cha pamoja: mhuri wa kutoka na mhuri wa kuingia unagongewa chini ya paa moja. Tunalala Migori, kwa ukoo uleule uliompa shangazi kitanda mwaka 1980. Siku ya pili Kisii, Bomet, Narok, tunapanda ukingo wa Bonde la Ufa, Nairobi jioni. Meli ya Kisumu ya orodha ya baba haipo tena. MV Victoria imefanyiwa ukarabati mkubwa na tangu mwaka 2020 imerudi kazini ikiwa na jina jipya, lakini njia yake ni Mwanza na Bukoba.

Jumuiya ya sasa ilisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, karibu wiki saba tu baada ya Mwalimu kufariki. Watoto wangu hawajui Afrika Mashariki nyingine. Kwao mpaka ni foleni ya kuchosha yenye watu wanaouza njugu. Natamani ibaki hivyo, lakini sitawaficha kwamba foleni hiyo iliwahi kuwa ukuta, na kwamba watu wazuri, akiwemo babu yao, waliupigia makofi. Wakubwa wakigombana tena, na wanagombana kila mwaka, mara mahindi, mara malori, mara vibali vya kazi, nataka wanangu wawe na sura ya mtu wa kuikumbuka kabla hawajashangilia. Twiga ni wao wa kuwafurahisha. Sura hiyo ndiyo niliyoipangia safari.

Juzi asubuhi baba alikuja Musoma bila kupiga simu. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Aliwasubiri watoto wamsalimie, "Shikamoo babu," akaitikia, akaketi, akatoa kitambulisho chake cha NIDA kwenye mfuko wa plastiki akakiweka mezani mbele yangu.

"Hiki hakitoshi, siyo?"

"Hakitoshi, baba."

"Sasa hizo picha za pasipoti mnapigia wapi?"

Mwanangu mkubwa alishachukua penseli. Akafungua daftari, akafuta jumla ya chini, akaanza hesabu upya kwa watu wanne.